Safu ya Pumzi

Bwenini, 12 Januari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Habari za hapo nyumbani, na za miguu yako, na za jirani yako mwenye redio? Mimi mzima, nakula, nalala, na sare imenikaa vizuri ingawa mshonaji alikata kitambaa akiamini nitanenepa. Ile saa uliyonipa, ile waliyokuzawadia siku unastaafu, naibandika kifuani kila asubuhi kabla hata sijapiga mswaki. Wenzangu wana saa mpya zinazowaka taa. Mimi nina saa ya mtu aliyepiga deki wodini miaka ishirini na nane, na sibadilishani na mtu yeyote.

Usishangae kuona barua. Huku simu zetu zinafungiwa kabatini mpaka Jumapili, na wewe ukipigiwa unasema "haya, haya, mzima" na kukata kabla sijaanza. Dereva wa gari la dawa anapita mtaani kwako kila Alhamisi. Amekubali kuwa tarishi wetu mradi tusimpe vifurushi vizito.

Wiki nzima ya kwanza tumefundishwa kunawa mikono. Wiki nzima, shangazi! Nikajua nimekuja kupoteza muda. Mwalimu wetu wa wodi ni mama mfupi asiyepandisha sauti hata siku moja. Alitufunga macho kwa vitambaa, akatupaka rangi ya buluu viganjani, akasema nendeni mkanawe bila kuona. Tulipofunguliwa macho, kila mtu alikuwa na buluu kwenye kidole gumba na katikati ya vidole. Mimi peke yangu nilikuwa msafi. Akaniuliza nani kanifundisha. Nikamwambia shangazi yangu, mhudumu wa wodi, aliyekuwa ananirudisha kwenye bomba kila nilipokuja mezani na kidole gumba hakijaguswa. Akasema, "Basi maksi hizi ni zake."

Sasa tuko kwenye hatua tano za uuguzi. Unakusanya taarifa za mgonjwa, unatambua tatizo, unapanga, unatenda, halafu unarudi kuangalia kama ulichotenda kimesaidia. Na taarifa ziko za namna mbili: zile anazosema mgonjwa mwenyewe, na zile unazoziona wewe. Mwalimu anasema tusichanganye, na tusiamini za kwanza bila kutafuta za pili. Wewe hayo uliyajua?

Mwanao,
Bi Maswali

*

Nyumbani, 20 Januari

Mwanangu Bi Maswali,

Marahaba. Barua nimeipata, nimeisoma, nimemsomea jirani, jirani akazima redio ili asikie. Hebu fikiria. Redio ile haijazimwa tangu anunue!

Maksi zangu nimezipokea. Mwambie mwalimu wako nasema ahsante, na kwamba nilingoja miaka ishirini na nane kupewa maksi pale hospitali nikaambulia saa.

Hizo hatua tano majina yake sikuyajua. Mimi nilikuwa na deki na ndoo. Lakini mtu wa deki anakwenda chini ya kila kitanda, na hakuna anayejikaza mbele yake. Daktari akija mgonjwa anajiweka sawa. Mimi nikija anabaki alivyo. Kwa hiyo nitakwambia nilichokiona, wewe utakipa majina ya kitabuni.

Mgonjwa akiitika salamu yako na kuongeza habari za kwao bila kupumzika katikati, mpite kwa amani. Akiikata salamu vipande viwili, weka deki chini umwite sista. Asiyetaka kulala chali, anayetaka kukaa tu, usimwone mkaidi. Muulize kifua. Na pumzi usimwambie mtu kwamba unazihesabu. Mtu akijua anaangaliwa anapumua kwa adabu. Mshike mkono, jifanye unahesabu mapigo, macho yako yawe kifuani kwake. Masista wa zamani walifanya hivyo, nami nilikuwa nawachungulia.

Mimi sijambo. Nimeongeza mto wa pili kitandani, shingo ya utu uzima hiyo, haina jipya. Kula vizuri, mshonaji asionekane mwongo.

Shangazi yako

*

Bwenini, 9 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo, na jirani shikamoo, na redio nayo. Nimefurahi kusikia uko salama.

Tumeingia wodini! Wodi ya wanaume, vitanda kumi na viwili, madirisha makubwa, sakafu inayong'aa mpaka nikakukumbuka. Kazi yetu ya asubuhi ni alama nne za uhai: joto, mapigo, pumzi na presha. Unapita kitanda kwa kitanda, unajaza chati inayoning'inia miguuni pa mgonjwa.

Siku ya kwanza nilitumia muda mrefu mpaka chai ikapoa. Sasa nimekuwa mwepesi. Kuna safu moja kwenye chati, safu ya pumzi, ambayo karibu kila mtu ana ishirini. Ishirini, ishirini, ishirini, juu mpaka chini, imenyooka utadhani imepigwa rula. Dada zetu wa mwaka wa tatu wakanicheka nilivyokuwa nakodoa macho vifuani mwa watu. "Ukifika hapo usihangaike," wakasema. "Mtu akiwa anapumua ni ishirini." Leo nimemaliza vitanda vyote kumi na viwili kwa nusu saa, na sista wa zamu akanisifu mbele ya wenzangu. Nimevimba kichwa siku nzima, nakiri.

Kitanda cha nne yuko mzee mmoja tunamwita Fundi Saa, maana ndiyo kazi yake. Amekuja na kikohozi. Ni mpole, haongei sana, ila kila nikimshika mkono anaitazama ile saa yako kifuani kwangu. Nadhani anaipenda.

Mwanao,
Bi Maswali

*

Nyumbani, 18 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Nimechelewa kujibu kwa sababu barua yako nilikuwa naifanyia hesabu.

Nimechukua penseli. Joto dakika mbili. Mapigo dakika moja. Pumzi dakika moja nzima. Presha, ukiwa na mkono mwepesi, dakika nyingine. Salamu, maana wale ni watu. Na kunawa mikono kabla hujaenda kwa mwingine, maana maksi zile ni zangu. Hizo ni dakika sita kwa mgonjwa. Wagonjwa kumi na wawili ni saa nzima na robo hivi. Wewe umemaliza kwa nusu saa. Dakika zilizobaki umezinunua duka gani?

Sikugombezi. Nauliza. Lakini nijibu kabla hujaingia tena wodini.

Mimi viatu vyangu vyeusi vimenigomea, haviingii. Nimekwenda kwenye kikao cha mtaa na malapa, mwenyekiti akaniangalia miguu mpaka nikamuuliza kama anataka kuniazima vyake.

Huyo Fundi Saa anayekohoa, anaongea sentensi nzima?

Shangazi yako

*

Bwenini, 22 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Sijui hata nikusalimie vipi.

Barua yako imefika leo Alhamisi mchana. Mambo yaliharibika jana.

Mwalimu wetu alipita wodini asubuhi, mimi nikiwa nimeshamaliza kuzunguka. Akasimama kitanda cha nne. Akamshika Fundi Saa mkono, akatulia pale dakika nzima, macho yake kifuani. Halafu akasema, kwa sauti ileile yake ndogo, "Thelathini na sita." Akainua chati. Ishirini, ishirini, ishirini, siku tatu mfululizo, mwandiko wangu, na ile ya mwisho wino wake ulikuwa haujamaliza saa moja.

Wakamwita daktari. Wakamwekea oksijeni. Ni nimonia, mapafu yote mawili. Daktari kasema angekwenda siku moja zaidi hivyohivyo, tusingekuwa na mtu wa kumtibu.

Mwalimu akanigeukia. "Asubuhi ulihesabu?" Shangazi, nilisema ndiyo. Nilisema, "Ndiyo, mwalimu, alikuwa ishirini." Neno lilinitoka haraka kabla sijajua ninasema nini. Akanitazama, akaenda zake.

Mchana nilikwenda kumnywesha Fundi Saa maji. Akasogeza ile barakoa ya oksijeni pembeni. Alinena neno mojamoja: "Binti. Saa yako. Mshale wa sekunde. Umesimama." Nikaitazama. Kweli umesimama. Nikamuuliza tangu lini. Akasema, "Juzi." Siku mbili nimemshika yule mzee mkono nikikodolea saa iliyokufa, halafu naandika. Fundi wa saa! Alijua tangu kwanza kwamba sihesabu chochote. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema hakutaka kuniaibisha mbele ya wagonjwa wengine.

Kanuni ya shule imebandikwa ukutani pale darasani: atakayeandika kipimo ambacho hakukichukua anarudishwa nyumbani. Nikinyamaza, hakuna atakayejua isipokuwa Fundi Saa, naye hatasema. Nikisema, uuguzi wangu umeishia hapo, na wewe uliuza cherehani yako nije huku.

Ulivyoniuliza habari za sentensi nzima, nililia. Uliyaona hayo ukiwa kwako, na mimi nilikuwa nimemshika mkono. Niambie nifanye nini.

Mwanao

*

Nyumbani, 24 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Dereva amefanya hisani, atapita kesho Jumapili kwa ajili yangu, nimempigia mwenyewe simu. Ndiyo, nimepiga simu. Ujue hali ilivyo.

Nenda kaseme.

Nitakusimulia jambo ambalo sijamwambia mtu. Mwaka wangu wa pili kazini, wodi ya kina mama, kitanda cha dirishani alikuwapo mama mmoja mchangamfu. Siku moja alinihadithia safari yake nzima ya kuja hospitali, mimi nikiwa napiga deki, tukacheka mpaka sista akatukemea. Kesho yake nikampa maji. Akasema "Ahsante" tu. Neno moja, halafu akavuta pumzi. Nikaliona. Nikasimama na deki yangu nikaliona kabisa. Halafu nikajiambia, mimi ni wa deki, sista ni msomi, ataona mwenyewe. Nikaenda kumalizia korido. Niliporudi walikuwa wanavuta pazia.

Hakuna aliyenilaumu. Nani amlaumu mtu wa deki? Lakini tangu siku ile sikunyamaza tena. Nilikuwa nawaita masista mpaka wakaniita kiherehere, na wengine wakaninunia, na mara nyingine nilikosea. Sikujali.

Nimeishia hapa jana nikapumzika kidogo. Naendelea, na samahani kwa kalamu nyingine.

Ile cherehani niliiuza kwa sababu macho yangu hayaioni sindano, usinibebeshee. Ukirudishwa nyumbani, njoo. Chumba chako kipo, tutalia siku mbili, ya tatu tutatafuta la kufanya. Lakini usibaki shule kwa namba ya uongo. Utakuja kumhudumia mtu mwingine, na kila ukiandika namba utajiuliza kama hii nayo ni ya kweli.

Nenda leo. Usisubiri uwe na ujasiri. Mimi sikuwahi kuwa nao.

Shangazi yako anayekupenda

*

Bwenini, 13 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Nimekuweka roho juu wiki mbili na ushee, nisamehe. Nilitaka nikuandikie nikiwa na jibu.

Nilikwenda siku ileile. Mwalimu alikuwa anakula chungwa ofisini. Nikamweleza yote, saa, ishirini, uongo. Akaliweka chungwa chini. Nikaanza kupanga sanduku kichwani. Halafu akasema alijua. Alijua tangu pale kitandani, maana mtu aliyehesabu huwa anabishana, na mimi sikubishana. Alikuwa anasubiri aone nitachukua siku ngapi.

Kanuni inaruhusu kitu kimoja: mtu akikiri mwenyewe, mwalimu anaweza kumpa muda wa majaribio. Amenipa mpaka tarehe 10 Aprili. Kila asubuhi nazunguka wodi, na yeye anaweza kunifuata nyuma kitanda chochote na kuhesabu upya. Tarehe 10 ni mtihani. "Namba moja ikinidanganya," kasema, "unaondoka, na sitakuwa na la kukusaidia."

Halafu akafanya jambo ambalo sitalisahau. Akatukusanya wote, mimi na dada wa mwaka wa tatu na hata sista wa zamu, akampa kila mmoja mgonjwa wake, akasema hesabuni dakika nzima. Wagonjwa kumi na wawili. Aliyekuwa na ishirini kweli alikuwa mmoja. Shangazi, mmoja tu! Sista wa zamu aliitazama ile safu iliyonyooka, akavua miwani akaifuta ingawa haikuwa chafu.

Fundi Saa anapona. Ameomba mkoba wake uletwe kutoka nyumbani. Akakaa kitandani, akaifungua saa yako kwa bisibisi ndogo kuliko njiti ya kiberiti, akaweka betri mpya, akanirudishia. "Haya," akasema, "sasa huna kisingizio." Sentensi nzima, bila kupumzika.

Sasa nina swali, usinune. Dereva anasema siku hizi akibisha hodi kwako anasikia "nakuja", halafu anasoma ukurasa mzima wa gazeti kabla hujafungua. Kutoka kiti chako mpaka mlangoni ni hatua nane. Nimezikimbia utoto wangu wote. Unalala na mito mingapi?

Mwanao,
Bi Maswali

*

Nyumbani, 20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hongera sana. Nimefurahi mpaka jirani kaja kuuliza kuna nini.

Mito? Umeacha uuguzi unauza magodoro? Mimi mzima. Dereva ni mmbeya na gazeti lake lina picha nyingi kuliko maneno.

Soma. Hesabu. Mambo ya huku niachie mimi.

Shangazi yako

*

Bwenini, 3 Aprili

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Leo sikuulizi hali, kwa sababu nimeshaiona.

Nilipopata barua yako ya mistari minne nilishtuka. Wewe hujawahi kuniandikia mistari minne maishani. Nikazitoa barua zako zote, nikazipanga mezani kwa tarehe, nikafanya kama tulivyofundishwa. Upande mmoja wa karatasi nikaandika yale unayosema. Sijambo. Mzima. Shingo ya utu uzima. Upande wa pili nikaandika ninayoyaona. Januari, mto wa pili. Februari, viatu haviingii. Barua ya pili ya mwezi huohuo, ndefu kama kawaida yako tu, umeiandika kwa siku mbili na kalamu mbili kwa sababu ulipumzika. Machi, hatua nane zimekuwa ukurasa wa gazeti. Halafu mistari minne. Pande zile mbili hazipatani hata kidogo, shangazi.

Nafikiri ni moyo. Nafikiri umechoka kusukuma, maji yanajaa miguuni, na ukilala chali yanapanda kifuani. Naweza kuwa nimekosea, mimi ni mwanafunzi wa miezi mitatu. Kwa hiyo nisaidie kupata taarifa moja zaidi. Vua malapa. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa muundi, hapo mbele ya mguu, hesabu mpaka tano, achia. Kishimo kikibaki, usinisubiri. Mwambie jirani azime redio akupeleke hospitali.

Najua kwa nini ulinyamaza. Ulijua ningekimbia majaribio nije. Ulikuwa unanilinda. Lakini wewe ndiye uliyeniambia habari za mama wa kitanda cha dirishani, halafu unataka mimi nimalizie korido?

Nimemwonyesha mwalimu barua zako, nisamehe. Amezisoma zote, na ile ya deki ameirudia. Akasema, "Mwanamke huyu amekufundisha uuguzi kabla yangu." Halafu akasema, "Na sasa anajificha kwako kwa mbinu anazozijua vizuri. Nenda ukahesabu." Amenisainia ruhusa ya siku tatu. Mtihani uko palepale Jumatano, hawezi kuusogeza, hata mimi sikumwomba.

Dereva atakupa barua hii kesho. Mimi nakuja Jumamosi asubuhi. Usipike, usifagie, usivae viatu.

Mwanao

*

Bwenini, 11 Aprili

Shangazi,

Shikamoo hapo kitanda cha tisa, hospitali ya huko nilikokuacha. Naandika haraka, dereva anapiga honi.

Nimefaulu. Vitanda sita, mwalimu nyuma yangu, namba zote sita zimekubaliana. Kitanda cha tano tulitofautiana moja, tukahesabu tena pamoja, akasema, "Wewe ndiye uliyepatia." Nimebaki shule! Dada wa mwaka wa tatu wamenibeba juujuu, na Fundi Saa, aliyekuja kliniki kuangaliwa kifua, amepiga makofi mpaka akakohoa.

Daktari wako anasemaje? Niandikie kweli. Safari hii nina namba zako, huwezi kunidanganya.

Mwanao,
Bi Maswali

*

Wodini, 18 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mpaka imechanika kwenye mkunjo. Nimewasomea kitanda cha nane na cha kumi, na mhudumu wa deki nimemsomea mara mbili, maana huyo ni mwenzangu.

Ni moyo, ulivyosema. Daktari kasema umechelewa kugunduliwa ila haujachelewa kutibiwa. Wamenipa dawa za kutoa maji, na njia ya msalani sasa naijua hata nikiwa nimefumba macho. Nimepungua kilo sita. Kishimo cha muundi kimekwisha. Nalala na mto mmoja na nusu, nusu ni kwa ajili ya raha tu. Nikitoka nitakunywa dawa maisha yangu yote, na nitapima uzito kila asubuhi, na chumvi nimeagana nayo.

Hapa kuna mwanafunzi, binti mwembamba, sare kubwa, nadhani mna mshonaji mmoja. Siku ya kwanza alikuja, akanigusa mkono, akaandika, akaenda. Nikamwomba mhudumu anisomee chati. Safu ya pumzi: ishirini. Nikamwita. Nikamwambia, "Mama, keti hapa kitandani. Nitakuhadithia habari za mwanangu na mzee mmoja fundi wa saa." Nilimhadithia yote. Aliinamisha uso. Halafu akanawa mikono, kidole gumba nikamkumbusha, akanishika tena.

Sasa nikwambie la mwisho, maana siku ile sikulisema.

Jumamosi ulipoingia ulinisalimia, ukakaa kwenye kigoda, ukasema, "Shangazi, lete mkono nikupime mapigo." Macho yako yakahamia kifuani. Mwanangu! Mbinu ile nilikufundisha mimi. Nilijua unachokifanya tangu ulipogusa kifundo cha mkono. Na nilikuwa nimeshajiandaa. Mtu anaweza kupumua kwa adabu dakika moja hata akiwa anazama. Nilitaka nikupe ishirini safi, uandike, urudi ukafanye mtihani wako, halafu mimi baadaye nijue la kufanya. Nilikuwa nimeshaanza. Pumzi tatu za kwanza hazikuwa za kweli.

Halafu nikaona machozi yanakushuka. Hukuyafuta. Mkono mmoja umenishika, mwingine umeinua ile saa yangu, midomo inahesabu, na machozi yanadondokea sare, na hukuacha. Miaka ishirini na nane nimepiga deki chini ya miguu ya wauguzi, wazuri na wabaya, na sijaona mtu akihesabu vile. Nikasema, huyu simdanganyi. Nikaiachia pumzi ikaenda inavyotaka. Wewe ulikatisha hesabu, ukasema, "Nimekosea mwanzo, naanza upya," ukahesabu dakika nyingine nzima. Thelathini na mbili.

Hukukosea mwanzo, mwanangu. Mimi ndiye niliyekudanganya, na ukaniona.

Shangazi yako, kitanda cha tisa.
Pumzi ishirini na mbili. Amehesabu mwanafunzi dakika nzima, nami nimetulia.